Goti la Alinafe

S.L.P. 73,
Zomba.
14 Juni.

Mpendwa kaka Biswick,

Shikamoo. Hujambo huko Durban? Na mguu ule unaokusumbua kila baridi ikiingia, umepata nafuu? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira hata tonge la nsima halishuki.

Jumamosi binti yangu Alinafe, mpwa wako, alikuwa apewe cheti na chama cha madaktari wa upasuaji, kule Blantyre. Ni bingwa wa mifupa sasa, kaka! Wenzake wote walikuwa wanaume. Kila mmoja alipanda jukwaani, akapewa mkono na cheti, akapigiwa makofi.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti akakificha cheti mgongoni. "We binti, umesahau mila? Goti kwanza!" Ukumbi mzima ukacheka.

Alinafe hakucheka. Akamwambia, "Baba, nikija nyumbani kwako nitapiga goti. Hapa nimekuja kama hao walionitangulia." Cheti kikawekwa mezani, akaitwa mwingine.

Eti utani! Akutukanaye hakuchagulii tusi. Anaposimama kutwa nzima akiunga miguu ya watu, hakuna anayemkumbusha mila. Mila inakumbukwa siku ya kupokea haki yake!

Hapa nyumbani nao hawaniachi nipumue. Dada yetu Falesi kaja kunilaumu: "Goti moja tu, litamvunja nini?" Nikamwambia, "Kamuulize mwenyewe, ndiye bingwa wa mifupa." Kaondoka kanuna.

Sasa chama kinasema hapati cheti mpaka mjomba wake ampeleke kuomba radhi. Wanajua kwetu mtoto ni wa mjomba, na neno lako ndilo la mwisho. Bila cheti hataruhusiwa kuongoza upasuaji. Atabaki msaidizi wa vijana aliowafundisha mwenyewe. Watakupigia simu wiki hii, na watakuja na maneno matamu.

Kaka, mimi nimempigia goti baba, nikawapigia mume wangu na wakwe, na wewe pia, wala sijuti. Nilikuwa natoa heshima yangu mwenyewe. Ya kunyang'anywa mbele za watu siitaki, wala mwanangu haitaki. Wakikupigia, usiwajibu ukiwa umekaa: simama wima, ndipo uwakatalie.

Nisalimie wifi Nomvula na wanangu Chikondi na Limbani. Mungu akupe afya, na ulimi usiotetereka.

Dada yako akupendaye,
Enifa