Uso Wako Kwenye Chupa ya Dawa ya Kifua

Dada yangu Nekesa,

Mwezi uliopita nilikuona Muthangari, ukutani, mkubwa kuliko ulivyowahi kuwa. Ulikuwa umevaa lile gauni la manjano lenye kola nyeupe, pengo la meno ya mbele likionekana, na chini yako kulikuwa na maandishi. Ni kwa sababu ya maandishi hayo ninakuandikia. Ni mwaka sasa tangu tukurudishe Bungoma kukuzika, na bado sina mtu mwingine ninayeweza kumweleza mambo ya nyumbani kwetu bila kuanzia mbali.

Ilianza na ujumbe wa simu. Kampuni ya dawa aliyoifanyia Baba kazi ilikuwa inaadhimisha historia yake, na watoto wa wafanyakazi wa zamani walialikwa kuona ukumbi mpya wa Muthangari na kunywa chai. Chai ya nini? Baba aliwaendeshea gari la kusambaza dawa hadi mgongo ukakataa, na siku tulipomzika ofisi haikutuma mtu hata mmoja. Halafu namba yangu waliitoa wapi? Nilienda, ndiyo, lakini nilienda kama mtu anayekwenda kukagua nyumba aliyoambiwa haivuji.

Unaikumbuka siku ya picha? Ilikuwa sherehe ya Krismasi kwenye uwanja wa kiwanda, wafanyakazi wote na watoto wao. Mwanamume mwenye kamera alipita katikati yetu, akasimama mbele yako, akakuambia ucheke. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya Mama nikilia kwa sababu puto langu lilipasuka, kwa hiyo mimi hakunitazama. Miezi kadhaa baadaye Baba aliingia nyumbani Waithaka bila hata kuvua kofia ya kazi, akaweka chupa ya dawa ya kifua mezani. "Haya, tazameni ni nani ameingia madukani."

Ulikuwa wewe. Watu hawakujua tena jina la dawa ile. Walifika dukani na kusema, "Nipe ile ya msichana." Shuleni walikuita Sirapu. "Niaje, Sirapu!" walikupigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, nawe ulipunga mkono kama mke wa rais. Nilikuonea wivu, dada. Nilijiangalia kwenye kioo nikitafuta kasoro iliyonifanya mimi nisifae kukaa kwenye chupa.

Basi nikaingia ule ukumbi. Kulikuwa na mashine ya kwanza ya kujaza chupa, imepakwa rangi mpya. Kulikuwa na picha za chumba kidogo nyuma ya duka la dawa katikati ya mji, ambako mwanzilishi alichanganya dawa yake ya kwanza, kisha picha za kiwanda, kisha za magari. Kwenye gari moja nilimwona Baba, mkono umetoka dirishani, jina halikuandikwa. Halafu nikafika kwako. Maandishi yalisema: "Mtoto wa mfanyakazi wetu, aliyepona kifua kwa dawa hii."

Nilisoma tena. Msichana aliyekuwa akitutembeza alikuwa ameshasonga mbele, nikamwita.

"Samahani, nani aliwaambia huyu mtoto alipona?"

Akatabasamu. "Ni historia ya kampuni, madam. Iko hivyo tangu zamani."

Nekesa, mimi nililala na wewe kitanda kimoja. Ulilala umeketi, mito miwili mgongoni, na nilizoea mluzi wa kifua chako hivi kwamba ukinyamaza ndipo niliamka. Ulipanda ngazi ukipumzika kila baada ya hatua chache, ukijifanya unaangalia maua. Kifua hichohicho ndicho kilichokuondoa. Ulipona lini?

Kabla sijatoka, kijana mmoja wa idara ya mawasiliano alinifuata hadi getini. Alijitambulisha kama Brian. "Wewe ndiye mdogo wake, si ndiyo?" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Akaeleza kwamba dawa ile inarudi sokoni kwa chupa mpya, na wangependa kumrekodi Mama akisimulia jinsi mtoto wake alivyopona. "Ni story fupi tu. Watu wanapenda kitu ya ukweli." Hapo nikaelewa chai ilikuwa ya nini.

Nilikwenda moja kwa moja Waithaka. Mama alikuwa ameketi nje akichambua kunde. Nilipomweleza, mikono yake ilisimama.

"Waambie niko ushago," akasema.

"Lakini uko hapa."

"Waambie nimeenda Bungoma, sijui nitarudi lini."

Mama yetu huyu, aliyekuchapa siku ulipodanganya kwamba umenawa miguu! Nikaanza kumshuku. Ninakuambia ukweli, nilimshuku Mama yangu mzazi. Niliona labda yeye na Baba walikubaliana kitu na kampuni zamani zile, wakakuuza wewe na kikohozi chako, na sasa anaogopa kuulizwa. Nilirudi kwangu nikiwa sitaki hata kumpigia simu. Ijumaa akanipigia yeye. "Mwambie huyo kijana aje kesho. Na wewe uje. Sitaki kuongea mara mbili."

Brian alikuja na kamera na katoni ya dawa kama zawadi. Mama aliitazama katoni ile hadi Brian akaisogeza nyuma ya kiti. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Brian akawasha kamera, akasema kwa heshima, "Shosho, anza tu popote. Tuambie vile Nekesa alikuwa mgonjwa, na vile alipona."

"Siku ya picha hakuwa mgonjwa," Mama akasema. "Alikuwa mzima. Ndiyo maana alicheka vile. Kifua kilikuja baadaye, wakati chupa zilikuwa zimeshajaa madukani."

Nilimtazama. Hakunitazama.

"Mzee wangu alikuwa akileta hiyo dawa nyumbani. Nikampa mtoto. Kikohozi kikaendelea, nikampa tena. Nikasema, baba Nekesa, tumpeleke hospitali. Akasema, watu wa kazini wakituona huko? Watasema mtoto wa kwenye chupa anatafuta dawa kwingine. Akasema tungoje kidogo. Nikangoja. Nilikuwa nikishika chupa yenye uso wake, anacheka, nikimimina kwenye kijiko, na yeye mwenyewe yuko mbele yangu hawezi kumaliza sentensi."

Brian alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Asubuhi moja nikaona midomo yake imekuwa kama zambarau. Sikumuuliza mtu. Nilimfunga mgongoni, mtoto mkubwa vile, nikatoka. Daktari akaniambia ni nimonia, imekaa sana, na kifua hakitakuwa kama zamani. Nikamuuliza kama ni dawa ndiyo ilimharibu. Akasema hapana, dawa haina ubaya, ni ya kikohozi kidogo tu. Yeye hakuwa na kikohozi kidogo."

Brian akasema, "Pole sana, shosho. Lakini... hii hatuwezi kutumia."

"Basi na ile nyingine msitumie."

"Labda tuseme tu alipata nafuu?"

"Nafuu aliipata hospitalini. Kaandikeni hivyo." Kisha akamwonyesha katoni kwa kidole. "Na hiyo uende nayo."

Yule kijana aliondoka akiwa ameibeba kifuani. Nami nilibaki nimekaa, nikikumbuka vile baada ya wewe kutoka hospitali hatukuiona tena dawa ile nyumbani, na vile Baba alivyokuwa akibadilisha stesheni kila tangazo lake liliposikika redioni. Nilidhani amechoka na mambo ya kazi.

Kampuni ilinipigia mara kadhaa. Sauti zilikuwa tamu. Mara wangependa "kutambua mchango wa familia," mara wangefurahi tukikutana mahali tulivu pale Adams Arcade. Niliwaambia tunataka jambo moja tu: wafute neno "aliyepona." Wiki iliyopita nilirudi Muthangari kujionea. Neno limefutwa. Imebaki "Mtoto wa mfanyakazi wetu," na kwa upande ule mwingine wa ukuta, jina la Baba limeandikwa chini ya gari lake. Chupa mpya zina jani la kijani, hazina mtoto. Brian aliniambia wakubwa waliguswa. Labda. Labda pia ni wanasheria walioguswa kwanza. Sitajua, na nimeona siwezi kukaa mlangoni mwao nikichungulia mioyo yao.

Ila kuna mtu mmoja ambaye sikuweza kuacha kumshuku. Jumapili, tukitoka kanisani, nilimuuliza Mama polepole: je, Baba aliamini kweli kwamba dawa ile ingekuponya? Au alijua haifanyi kazi, akanyamaza kwa ajili ya kazi yake?

Mama akasema, "Wakati huo alihamisha godoro lake. Alikuwa analala chini, mlangoni pa chumba chenu, anasikiliza vile mtoto anapumua. Nikimwita kitandani anasema kuna joto." Akarekebisha kitambaa chake. "Ilikuwa Julai."



Nimejaribu kumkasirikia, dada, na hasira inakuja, kisha namwona pale chini sakafuni kwenye baridi, upande wa pili wa mlango wetu, nasi ndani hatujui kama kuna mtu. Wewe ulimfahamu kuliko mimi. Mkikutana huko, muulize kwa niaba yangu. Usimpigie kelele. Muulize tu, umngoje ajibu.

Pumua vizuri sasa, Nekesa. Huku Mama yuko salama, nami niko naye.

Mdogo wako, niliyelala nawe kitanda kimoja.