Geti la Clem Sutterby

Port Augusta,
Australia Kusini,
19 Novemba.

Mpendwa kaka Darrell,

Nimeandika "mpendwa" kwa kuwa Mama alitufundisha hivyo, usije ukavimba kichwa. Hujambo? Shemeji Rosalind na watoto hawajambo? Natumaini mvua ya Bristol inawanyeshea vizuri na mnalala usingizi mzuri chini ya mablanketi. Huku joto linatuchoma tangu Oktoba, ila tunapumua. Mume wangu Kelvin anasumbuliwa na mgongo. Tamsin ametimiza miaka kumi na minne na anajua kila kitu.

Ujumbe wako nimeupata. Nimeupata na ule wa kabla yake, na ule wa kabla ya huo. Wimbo ni uleule: Mama anasahau, Mama asiishi peke yake Marree, Mama apelekwe kwenye nyumba ya wazee Adelaide. Mtu ambaye hajakanyaga nyumbani miaka tisa ndiye anayejua birika la Mama limeungua mara ngapi. Nilikuona mnafiki, na bado nakuona hivyo, kwa hiyo soma taratibu usije ukadhani nakuomba radhi.

Safari ilikuwa wazo langu, na niliipanga ili nikukomeshe. Tungemchukua Mama, tupande naye kaskazini kwenye miji yake ya zamani, William Creek mpaka Oodnadatta, halafu nikuandikie jinsi kikongwe wa miaka themanini na mbili anavyolijua jangwa lile kuliko ramani ya hiyo simu yako.

Siku ya kwanza nilifurahi kwa ubaya. Mama alikaa mbele, kofia kichwani, akiinua kidole kimoja kusalimia kila gari tulilopishana nalo, yaani magari mawili. Pale baa ya William Creek alisimulia mafuriko ya zamani mpaka wanaume wakaacha bia zao wakamsikiliza. Mimi naendesha, huku kichwani nakutungia barua ya matusi.

Kesho yake akataka kuona stesheni ya reli ya zamani alikofanya kazi Baba. Tukaacha barabara kuu, tukakata ndani ya ranchi ya Clem Sutterby. Unajua kazi ya mageti ni ya anayekaa mbele. Kelvin alitaka kumsaidia, Mama akamjibu, "Kaa na mgongo wako huko nyuma." Geti la pili tulilikuta wazi, limefungwa kwa waya kwenye nguzo lisirudi. Mama akashuka, nami nikapita. Kwenye kioo nikamwona Mama anafungua ule waya, analivuta geti, anatia mnyororo.

Tamsin akasema, "Bibi, si tulilikuta wazi lile?"

"Geti ni la kufungwa, mtoto. Wewe wa mjini utaniambia nini?"

Nami nikamgeukia mwanangu. "Funga mdomo. Bibi yako alikuwa kwenye mageti haya kabla baba yako hajazaliwa."

Darrell, hata wewe hujasahau. Ukilikuta wazi unaliacha wazi, ukilikuta limefungwa unalifunga, maana mwenye ng'ombe ana sababu zake. Mama alituchapa viboko kwa ajili ya hilo tukiwa wadogo kuliko Tamsin. Nilijua palepale kwamba amekosea. Nikakanyaga mafuta nikaondoka, kwa sababu sikutaka uwe umesema kweli.

Tulikaa Oodnadatta siku chache. Tukirudi, tukasimama William Creek kutia mafuta, na Clem alikuwa anatungoja. Kule gari likipita, kila mtu anajua ni la nani. Pampu ya kisima cha upande mmoja ilikuwa imekufa, ndiyo maana aliacha geti wazi ng'ombe wavuke wakanywe upande wa pili. Aliwakuta wamerundikana kwenye uzio, ndama na mama zao, ndimi nje. Walioshindwa kuinuka aliwapiga risasi mwenyewe.

Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Nani kati yenu alifunga geti langu? Angekuwa mtalii ningemwelewa."

Mama alikuwa anamtazama Clem kama mtu asiyejua lolote, kama naye anataka kumjua huyo aliyefunga. Tamsin alinitazama mimi.

Nikasema, "Ni mimi, Clem. Nisamehe."

"Wewe? Mtoto wa Merle?" Akamwonyesha Mama kwa kidevu, akatema mate pembeni. "Kwangu usipite tena." Na huyu ndiye aliyebeba jeneza la Baba pamoja nasi.

Sasa sikiliza kilichofuata. Tangu tulipoondoka pale mpaka Marree, Mama alinigombeza. "Nimekulea vipi mimi, Glenys? Wanyama wa watu wamekufa kiu! Clem atatuonaje?" Alikuwa amekasirika kweli, analia kwa ajili ya wale ndama. Akichoka ananyamaza, kisha anauliza kwa nini tumenuna. Tukimwambia, anaanza upya, na hasira ni mpya. Nami nikaomba radhi kila mara. Kelvin aliniwekea mkono begani. Niliwaambia ni vumbi limeniingia machoni.

Basi umeshinda. Inaniuma kuliandika hilo kuliko unavyoweza kujua. Mama hawezi tena kuishi peke yake, na mimi nilikuwa nimejifumba macho kwa kukuchukia wewe.

Lakini sitakufanyia kazi yako. Kata tiketi. Utakaa kwenye meza yake, utakunywa chai yake, na kwa mdomo wako utamwambia anaondoka nyumbani kwake. Kosa lake nimelibeba. Hili lako sitalibeba. Usinipigie simu kunieleza habari za kazi yako, sitapokea.

Nisalimie Rosalind, na Edwin na Phoebe. Shangazi yao anawapenda, wao hawana hatia. Shangazi Dulcie anakusalimu na anauliza unakuja lini. Mungu akufikishe salama, maana utakuja.

Mama naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikueleze nilivyomuaibisha mbele ya Clem. Anasema wewe usingelifunga lile geti.

Mdogo wako, anayekupenda kwa kuwa hana kaka mwingine,

Glenys