Daraja Ulilotuachia

Ghorofani, juu ya duka la saa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Salamu tele zikufikie wewe, wifi na mapacha. Hamjambo huko? Kifua cha wifi kimepona? Sisi tu wazima, isipokuwa jambo moja ambalo nitalifikia, maana nikilianza sasa sitamaliza mstari.

Kaka, nimeolewa! Miezi minne sasa, na bado asubuhi nikimwona rafiki yako anapiga mswaki najichekea mwenyewe. Ananiita Bibi wa Ngome mbele ya wateja, bila haya, nami nayeyuka papo hapo. Chumba ni kimoja, kitanda kinalia, dirisha halifungiki, na sitaki kingine.

Mchezo unaendelea kila Jumamosi mchana, meza ile ile, dadu zile zile ulizochonga. Mume wangu anasimulia, sisi tunasema mashujaa wetu wa farasi wanafanya nini, dadu zinaamua. Bado anachota kwenye hadithi za kale za wapanda farasi wenye deraya za chuma mwilini: paa mweupe anayeingia ukumbini watu wakila, ngao iliyofunikwa kitambaa, mgeni asiyeulizwa jina mpaka ashibe. Wengine huchukua majoka na hazina. Yeye huchukua ahadi. Anasema hadithi zile zinampendeza kwa kuwa mtu hufungwa na neno lake, hata pasipo na wa kumwona.

Na hapo ndipo tulipokwama. Unakumbuka siku ile kabla hujasafiri, ulipoandika daftarini kwamba shujaa wako atalinda daraja, na hapiti mtu mpaka urudi? Tulikupigia makofi. Tulidhani ni miezi sita. Huu ni mwaka wa tatu. Tumepigana na shujaa wako mara tano, na mara tano ametutupa mtoni.

Jana mchezaji mwenzetu, yule fundi bomba, alizitupa dadu mezani, akamwambia mume wangu, "Shemeji yako kaondoka na ufunguo wa choo, na sisi tumebanwa!" Tukacheka mpaka machozi. Mume wangu naye akacheka, akikitazama kiti kitupu, akidhani fundi ndipo alipokaa.

Kaka, macho yake yanakufa. Daktari amesema hakuna dawa wala upasuaji. Mwezi wa tano ukianza, atakuwa anatofautisha mwanga na giza, basi. Skrubu ndogo hazioni tena. Dukani anabadilisha mikanda na betri, na saa mbovu anazirudisha kwa wenyewe akisingizia kazi nyingi. Nilijua kabla ya harusi. Aliniambia, akanipa nafasi ya kukimbia. Nikamwambia aninunulie kwanza viatu vya kukimbilia.

Mwisho wa hadithi aliuandika zamani, kurasa kumi na moja, na wote uko ng'ambo ya daraja. Anataka kutusomea mwenyewe, akiziona nyuso zetu. Hataki nimsomee. Nilimwomba akifute tu kiapo chako, nani atajua? Akanishika mkono, akasema, "Mke wangu, nikifuta hicho, na vingine tulivyoapa vitakuwa mchezo tu." Nikaitazama pete yangu kidoleni.

Amekubali kitu kimoja: kiapo kiliandikwa kwa mkono wako, kitafunguliwa kwa mkono wako. Simu haihesabiki. Mstari mmoja tu, kaka. Shujaa wako avue kofia ya chuma, ashuke farasi, atuache tupite.

Barua hii itachukua wiki tano kufika, na yako tano kurudi. Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu, na mara zote naangukia katikati ya mwezi wa tano. Sijidanganyi. Naandika kwa sababu siwezi kukaa naye kitandani, nimsikilize anavyopumua, halafu niwe sijaandika.

Msalimie wifi, uwabusu mapacha, na ukimwandikia shangazi mwambie mapazia yake ndiyo yanayolipamba dirisha letu. Mungu awafunike kwa rehema, awarudishe salama siku moja.

Tumia wino mweusi, herufi kubwa kama za bango. Na kalamu uikandamize, kaka, ichimbe karatasi, ili barua ikichelewa vidole vyake viisome.

Ni mimi mdogo wako, nisiyejua kukupenda kidogo,
Bibi wa Ngome