Waliokaa Nyuma

Shoga, uko wapi? Acha unachofanya unisome.

Unalijua lile gari langu kuukuu la porini, dizeli inanguruma mpaka dereva hasikii chochote cha nyuma. Basi juzi fundi kang'oa viti na zulia, kabandika mpira mzito wa kuzuia kelele sakafuni, milangoni, hadi darini, kisha kavirudisha viti. Sasa limetulia kama chumba cha kulala.

Leo nimewapeleka mama mkwe na wifi sokoni. Wakakaa nyuma kama kawaida yao. Sikuwaambia kitu, nilitaka washangae wenyewe.

Hawakushangaa! Walivyo na hamu ya kunisema, hata hawakugundua kelele imekwisha.

Wifi: "Kaka kakaliwa huyu. Hata soksi anachaguliwa."

Mama mkwe, yule yule anayeniita mwanangu: "Mwache tu. Siku akichoka atamrudisha kwao na huo mkweche wake."

Mkweche! Na huku kaukalia!

Halafu macho yetu yakakutana kwenye kioo, akanitabasamia. Akanitabasamia, shoga! Na mimi nikamtabasamia.

Eti atamrudisha kwao! Ndani ya gari langu, kwa dizeli yangu.

Nikawafikisha, nikawabebea na vikapu. "Ahsante mwanangu." "Haya mama."

Jumapili wanataka niwapeleke tena. Nimekubali kabla hawajamaliza kuomba. Safari hii mume wangu atakaa mbele, na nimemwomba kitu kimoja tu: ajifanye amelala.