Vitabu Vyangu Juu ya Kichwa cha Papa Bisimwa

Mpendwa mushauri wetu Maman Madeleine, naomba musaada, na tafazali usitaje jina langu kwenye redio kwa sababu hapa Nyawera wananijua, nilimaliza licence ya droit, ni kusema sheria, na sasa nasoma masomo ya juu ya droits de l'homme, haki za binadamu, kule Kinshasa, ni mimi wa kwanza kwetu kufika pale na mama anajivuna na mimi mpaka kanisani, nilirudi kongé, kupumuzika masomo, na karto ya vitabu juu ya wafungwa wanaoteswa, nikamuomba Papa Bisimwa, muzee wa kijiji cha Nyantende anayebeba mizigo sokoni, anifikishie nyumbani, tukakuta askari kwenye njia, wakamukalisha Papa Bisimwa mbali kidogo, wakafungua karto, mukubwa wao akaniuliza hivi vitu vya kutukana serikali ni vya nani, na mimi ninayejua kwa kichwa sheria inayokataza kufunga mutu bure, nikasema: "Sijui. Muulize anayebeba."

Nikaenda zangu. Yeye hajui kusoma hata jina lake, walimufunga siku tatu kwenye cachot wakamupiga mugongo, na siku walimuachilia alikuja kwetu na kuku, akaniambia: "Mwanangu, jina lako sikulitaja. Nilikuona unaondoka, nikajua unaenda kunisemea kwa wakubwa." Maman, nilimujibu asante papa, mama akapika ile kuku na mimi nikakula, na sasa anaambia soko lote kama mimi niko avocat wake wa kumutetea. Juma kesho narudi Kinshasa. Niache masomo? Ao nimuambie, hata kama mama atasikia? Nasikia haya hata kufungua daftari.

Mwanafunzi wa Nyawera

Mwanangu,

Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nilikuhurumia. Mbele ya bunduki uliogopa, na katika muji huu sijui nani angekucheka. Lakini siku ya ile kuku hakukuwa askari hata mumoja mezani. Pale ulikuwa huru, na ulidanganya tena.

Masomo usiache. Hiyo ni azabu unajichagulia wewe mwenyewe, na Papa Bisimwa hatapata kitu. Mbele ya kurudi Kinshasa, upande mpaka kwake Nyantende asubuhi, bila zawadi, kwa sababu zawadi itamulazimisha kukusamehe. Umuambie maneno uliyoambia askari, vile uliyasema, usianze na woga wako. Kisha, akikubali, umupeleke kwa munganga aangalie ule mugongo. Na mama yako asikie kwa mudomo wako siku ile ile, soko lisikutangulie kumuambia.

Asipokusamehe, ni haki yake. Akikuuliza sababu, umujibu kwa Mashi, luga yake ya nyumbani, maneno machache, halafu unyamaze, umuache aseme mpaka amalize.