Mwanamke Aliyezima Taa ya Mji

Makadara, Nairobi
Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Naishika miguu yako kutoka huku mbali, na kwa kuwa najua inakuuma wakati huu wa mvua, naishika taratibu. Je, lile goti bado linakusumbua? Dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au amejichulia mwenyewe njiani? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nasema mapema usije ukadhani nakuficha.

Athumani ndugu yangu, wewe ndiye utakayemsomea. Tafadhali soma polepole, wala usiruke mahali, hata ukiona patamkasirisha. Mara ya mwisho uliniandikia maneno mawili tu, "Mama amesikia." Mtu akisikia husema kitu. Tangu niwaambie kwamba nitaimba katika mchezo wa jukwaani, nimeleta barua mbili, na kutoka kwa Mama sijapata hata salamu. Nikitoka kazini napitia kwa mwenye duka anayetupokelea barua, na siku hizi yeye hutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kazi ni ile ile ya kushona sare, kule Indastrial Eria. Naamka alfajiri, navuka reli kwa miguu pamoja na umati wa watu wasiosemezana, nakaa kwenye mashine hadi jioni. Mimi nashona makwapa ya mashati. Mwenzangu wa kulia ana kola, wa kushoto ana vifungo. Tangu niajiriwe pale sijashona shati zima, Mama, na jioni mgongo wangu si wangu tena.

Sasa nieleze huu mchezo ulivyoanza, maana mara ile nilieleza kwa haraka, na pengine ndiyo sababu ukanuna.

Hapa karibu kuna ukumbi wa halmashauri. Kikundi cha kuimba cha pale kinaongozwa na Bwana Ouma, karani wa reli, mtu wa Kisumu, anayepiga kinanda kanisani kwao. Aliazima picha ya sinema ya zamani sana kutoka kwa Wazungu fulani wa mjini, picha isiyo na sauti hata kidogo, watu wanafungua midomo kama samaki. Kikundi chake kilikuwa na upungufu wa sauti za wanawake, basi ili kutuvuta kwa picha hiyo akamwendea Bi Saumu, mwenye nyumba wangu, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha kina mama wanaoimba kwa matari. Bi Saumu akasema tutakuja kuitazama, ila hatuketi na wanaume. Ukumbi wenyewe hauna pazia. Mwishowe wakakubaliana: shuka jeupe litundikwe katikati, wanaume wakae mbele yake, sisi tukae nyuma. Picha ikapenya kwenye shuka, nasi tukaona kila kitu, kama tunavyokaa mbali na wanaume harusini na biriani ikatufikia vilevile.

Ilikuwa habari ya mji wa miaka ijayo, wenye majumba yasiyo na mwisho na magari yanayopita hewani. Bwana mkubwa wa mji huo ametengeneza taa kubwa kuliko msikiti, akaitundika juu ya mnara unaolindwa na askari, na usiku ukafutika. Kwa kuwa hakuna usiku, hakuna kwenda nyumbani. Watu wanafanya kazi mpaka wanalala wamesimama. Basi mwanamke mmoja, dobi tu, akaupanda ule mnara, akashika mkono wa chuma akauvuta, taa ikazimika. Mji mzima ukalala pale pale barabarani. Jua la kweli lilipochomoza yeye hakuonekana tena, na picha ikaishia hapo. Wengine walisema ameuawa. Mimi nilisema naye amekwenda kulala.

Nililia, Mama. Sikulia kwa uzuri wa picha. Nililia kwa usingizi.

Bwana Ouma akasimama akasema, "Hii picha haina sauti. Sisi tuko na sauti. Kwa nini tusiipatie?" Ndipo ikaamuliwa tuigeuze mchezo wa kuimba, kila kipande cha picha kipewe wimbo wake: kina mama waimbe kazi ya mji kwa matari, wanaume wawe askari wa mnara, naye apige kinanda chake. Mimi nikachaguliwa kuwa yule dobi, kwa sababu Bi Saumu alisema nina pumzi.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa vurugu tupu. Katika picha wafanyakazi hutokea upande mmoja na askari upande mwingine. Sasa sote tukatokea kulia, tukagongana kifua kwa kifua, na Bi Saumu akakanyagwa kidole.

"Nyinyi wamama mnatoka wapi?" Bwana Ouma akauliza.

"Tunatoka walikotoka wenyewe," Bi Saumu akamjibu. "Wewe ndiye uliyesinzia."

Nilipofika kwenye kuzima taa mambo yakaharibika kabisa. Niliinua mkono wa kulia, Bwana Ouma akaacha kupiga kinanda. "Hapana, mama. Alitumia left. Mimi niliona na macho yangu."

"Kulia, wallahi!" kina mama wakapiga kelele wote.

Kumbe wanaume walikwisha tunga wimbo wao wa mwisho, wa kumlaani dobi, mwanamke wa mkono wa kushoto aliyetumwa na shetani awaletee watu giza. Bwana Ouma hakuona ubaya wowote. "Kwetu mtu akikupatia kitu na left hiyo ni matusi," alisema. "Huyu mama alikuwa mbaya. Ndiyo maana mwisho anapotea."

"Amewalaza watu waliokufa kwa uchovu, nawe wasema mbaya?" Bi Saumu akamjia juu.

Nilifikiri, nikisimama pale wanaume wanilaani mbele ya Makadara nzima, kisha mtu wa kwetu apite, akufikishie habari kwamba bintiyo analaaniwa jukwaani, wewe utauweka wapi uso wako? Nikajifunika uso nikawaambia mimi simo. Mchezo ukalala majuma kadhaa. Bi Saumu na Bwana Ouma wakawa wakikutana sokoni wanatazama vitunguu.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Bwana Ouma. Akaiazima tena ile picha ili atushinde kwa ushahidi. Safari hii Bi Saumu alisema atakaa mbele, yeye ni mzee, hakuna wa kumtazama. Akaketi pale amejifunika hadi puani. Mwanamke alipoinua mkono, Bi Saumu akaruka juu. "Huyu siye! Wamembadilisha!"

Bwana Ouma akakimbia nyuma ya shuka, kwetu, akione tulichokiona. Halafu tukamsikia anaita, sauti imeshuka, "Bi Saumu, kuja. Huku nyuma ni kulia."

Bi Saumu akaja nyuma, Bwana Ouma akarudi mbele, kila mmoja hamwamini mwenziwe, wakawa wanalizunguka shuka na kupishana, yule mwenye mashine ya sinema akalazimika kuizima kwa kicheko. Nami nilicheka, Mama. Tangu baba Rehema aniandikie talaka nilikuwa sijacheka namna ile.

Basi ukweli ukajulikana. Waliokaa mbele ndio waliouona mkono sawasawa, sisi tuliona kinyume. Bi Saumu alikaa kwenye benchi akifikiri, mwisho akasema, "Haya, ni wa kushoto. Lakini watu walilala, hawakulala?"

"Walilala," akasema Bwana Ouma.

"Basi."

Bwana Ouma akakaa kwenye kinanda akautafuta wimbo mwingine, wa shukrani, na kabla ya kuondoka akaniuliza kama nitarudi. Nilimwambia nitarudi, na nitatumia kushoto.

Wewe wanijua, Mama. Mkono huo ndio uliokuwa ukiufunga kwa kitambaa nilipokuwa mdogo, ili nijifunze kula kwa kulia kama watoto wa watu. Sikulaumu, nilijifunza, na hakuna aliyenicheka. Lakini hata leo kitambaa nakiongoza kwa kushoto kwenye mashine, na ndio mkono unaotulisha mimi na mwanangu Rehema. Nilichoka kuusikia ukiitwa wa shetani.

Mchezo ulikuwa jana alasiri. Walifunika madirisha kwa mablanketi ili ukumbi uwe giza, na taa ya mji ilikuwa karai kubwa la bati lenye balbu ndani. Watu walijaa, wengi watu wa reli na wanawake wa viwandani, nyuso ninazovuka nazo kila asubuhi. Sikuvua buibui, nataka ulijue hilo. Uso tu ndio uliokuwa wazi. Nilipanda ngazi nikiimba, nikashika kile chuma kwa mkono wangu wa kushoto nikavuta. Giza likaingia. Hakuna aliyepiga makofi, nikajua nimeharibu. Halafu mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, jamani tulale!" Upande wa pili mwingine akaitikia, "Haleluya!" Na pale mbele mzee mmoja wa zamu ya usiku alikuwa tayari anakoroma. Nilibaki juu ya ngazi nikiwasikia wanavyopumua. Nilitamani uwepo, hata kama ungekuja kunishusha.

Sasa wanataka twende tukaucheze mtaa wa Huruma mwezi ujao. Kila mtu amekubali isipokuwa mimi. Nimewaambia nangoja neno la nyumbani, na Bwana Ouma ameniambia atangoja nami.

Nisalimie Zuhura, mke wa Athumani, mwambie kitambaa cha mtoto nitakileta mwenyewe. Nisalimie Mjomba Bakari anayeadhini, ingawa najua naye amekwisha sema yake. Msalimu jirani yetu Bi Tima, na umshukuru kwa kukuchotea maji. Rehema amekua, anakuamkia, ameanza kukuota ingawa hakukumbuki sura.

Mama, ukiniambia niache nitaacha, na itaniuma, sitakudanganya. Ukinipa radhi nitakwenda Huruma. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mpaka uchoke, Athumani aandike yote bila kupunguza neno. Lakini usininyamazie. Huku nimezoea kupigiwa kelele na kila mtu, mashine, msimamizi, mji wenyewe, na katika kelele zote hizo ni zako tu ninazozikosa.

Mwanao,
Mwanaidi