Nguo ya Damu ya Mzee

Mama,

Suti yako bado iko kabatini. Najua barua huanza kwa salamu, na wewe ulikuwa mkali kwa mtu anayeingia nyumbani na shida mdomoni kabla hajasema hamjambo, lakini leo nisamehe. Kila nikifungua kabati kutafuta shuka naikuta inaning'inia pale, bega moja limeshuka kidogo, kama mtu aliyechoka kungoja.

Hapa Kapsoit mambo yanaenda. Mvua imekuja vizuri, chai inakua haraka kuliko mikono tuliyonayo. Kaka Njoroge alirudi kazini Nakuru baada ya matanga. Kibanda chako sokoni Kericho kimechukuliwa na kijana anayeuza kava za simu. Nilipita nikaona ameng'oa rafu yako ya vitambaa. Alinisalimia vizuri.

Mama, pale hospitalini uliniambia, "Mnivalishe ile ya damu ya mzee." Tangu asubuhi ulikuwa unavuta pumzi kwa shida, na maneno ulikuwa unayatoa kama mtu anayelipa. Nikajibu, "Sawa, Mama." Ukafumba macho. Nakumbuka nilifarijika. Siku zile sikuweza kitu. Sikuweza kukulisha, sikuweza kukuondolea maumivu, hata mto nilikuwekea vibaya. Nguo, nikajiambia, hiyo nitaiweza.

Ulipotuacha, watu wa mochari walitaka nguo mapema. Mimi na kaka yangu tukafungua kabati. Mimi nikatoa lile gauni ulilovaa kwenye harusi yake, lile jekundu linalokaribia zambarau. Yeye alikuwa ameshatoa suti, sketi na koti lake, nyekundu iliyoiva mpaka ikaanza kuwa kahawia. Tukatazamana, kila mmoja na yake mkononi.

"Hiyo yako ni maruni," Njoroge akasema.

"Maruni na damu ya mzee si ni kitu kimoja?"

"Kwako."

Hatukugombana, Mama. Ingekuwa heri tungegombana. Tuliketi kitandani kwako tukajaribu kukumbuka. Mimi nilikumbuka sweta yangu ya sekondari. Wazazi walipokuja kibandani kuulizia sweta za shule yetu, uliwaambia, "Ni hii ya damu ya mzee," na ilikuwa rangi ya tunda damu ukilikata katikati. Yeye akakumbuka siku moja utotoni alipokuuliza kwa nini rangi iitwe hivyo, kwani damu ya mzee si nyekundu kama ya watu wengine? Ukamwonyesha birika. Ukamwambia damu ya mtoto ni kama chai ya strungi, isiyo na maziwa, iliyotiwa majani sasa hivi, na ya mzee ni ile iliyoshinda jikoni, imekolea.

"Na chai ikikolea haigeuki zambarau," akasema, polepole, kama anayeniomba radhi.

Mimi pia niliwahi kukuuliza. Mimi uliniambia kwamba mtu akiishi sana anaona mengi, na yote aliyoyaona yanashuka kwenye damu. Umeona sasa? Kila mtu ulimpa jibu lake, na hakuna jibu lililoonyesha nguo.

Tukampigia Tata, dada yako, huko Murang'a. "Damu ya mzee? Hiyo ni nyekundu ya giza."

Giza kiasi gani, Tata?

"Ya giza tu, mwanangu." Kisha akaanza kulia, nasi tukamwacha alie.

Mtu wa kuulizwa alikuwa Mama Chebet. Alikuwa jirani yako wa miaka yote, hakuna nguo uliyonunua bila yeye kuishika kwanza na kuisugua kati ya vidole. Lakini alikuwa Bomet kwa binti yake aliyejifungua, na simu yake haikupatikana. Mumewe, tulipovuka ua kumpa habari za msiba, tulimuuliza pia. Akasema kwa upole kwamba yeye anajua rangi za ng'ombe tu.

Njoroge akairudisha suti kabatini. "Wewe ndiye uliyeambiwa," akasema. "Chagua wewe."

Basi tukakuvalisha gauni. Ulipendeza, Mama. Nataka ujue hilo. Watu walisema unafanana na siku ile ya harusi.

Mama Chebet alifika jeneza likiwa limeshateremshwa na vijana wameanza kurudisha udongo. Nilimwona akija mbio kati ya mistari ya chai, ameshika kitambaa cha kichwa kisianguke, na amevaa suti. Suti yako, Mama. Rangi ileile, kola ileile, vifungo vilevile. Nilimsikia Njoroge kando yangu akivuta pumzi. Mpaka leo hajanilaumu.

Nilitaka kupaza sauti waache. Halafu niwaambie nini? Mchungaji anaimbisha, watu wamesimama juani, niwaambie mama yangu amelala na nguo isiyo yake? Nilisimama tu. Zamu yangu ilipofika nikachota udongo kama wengine, nikautupa.

Baadaye Mama Chebet alikuja na maziwa. Nilimpeleka chumbani nikafungua kabati. Akashika mkono wa koti kama anavyoshika mkono wa mgonjwa.

"Tulinunua kitambaa moja na mama yako, tukagawa," akasema. "Fundi akatushonea pamoja. Tukasema mwenye atatangulia, azikwe na yake, na mwenye amebaki akuje amevaa yake." Akaipapasa kola. "Hii ndio tulikuwa tunaita tamu ya mzee."

Tamu. Ndivyo ulimi wake wa Kipsigis ulivyolitamka siku zote, na wewe ukimchokoza umwambie, "Mzee gani huyo mtamu, Mama Chebet? Tuonyeshe na sisi!" Naye anakukimbiza na mwiko mpaka uani, wote wawili machozi yanawatoka kwa kicheko. Safari hii alilisema, likapita, hakuna aliyecheka.

Nikamwambia, "Tulimvalisha ingine."

Nilitaka aseme si kitu. Watu wote husema si kitu. Yeye alinitazama, akaketi kitandani kwako, akasema, "Pole," kama vile ndiyo kwanza anasikia umekufa.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza neno hilo lilitoka wapi. Sijui nitafanya nini na jibu. Yule mzee wa duka la vitambaa Kericho ameniambia alipoanza biashara alikuta linaitwa hivyo. Tata anasema kwa Kikuyu hatusemi hivyo, damu ni thakame, haina ya mzee wala ya kijana. Neno hilo alilisikia kwako, siku ulipowatembelea na kitambaa begani. Mama Chebet anasema kwao nyekundu ni birir, na hayo mengine ya wazee aliyapata kwako. Kila ninayemuuliza ananirudisha kwako, Mama. Nami ninakuja, ninasimama pale kwenye udongo ambao bado haujashika nyasi, na sina la kufanya ila kurudi nyumbani.

Mke wa Njoroge alishauri suti tuipe kanisa. Ana nia njema. Siwezi kuivaa, siwezi kuitoa, na siwezi kukufikishia.

Kwa hiyo nakuahidi jambo dogo, maana lile kubwa nililokuahidi liliniponyoka. Mama Chebet ameanza kuumwa miguu, na chai yake ya upande wa mtoni imezidi kimo. Jumamosi nitakwenda kumchumia, na nitaendelea kwenda. Tukiwa huko nitamuuliza anachotaka angali ana pumzi ya kunijibu, na asipoeleweka nitamuuliza tena, hata akinikasirikia.

Lala, Mama. Lala hivyohivyo ulivyovaa.

Binti yako,
Wambui